Taa za Gari la Bibi Harusi

Mama mkwe wangu alilisema neno lile mbele ya dada zake, vikombe vya chai vikiwa mikononi mwao, kwa hiyo hakuna aliyeweza kudai baadaye kwamba hakusikia.

"Gari lenye uso safi ndilo litakalomleta Sadbarg," alisema, akimtaja mchumba wa Komron, shemeji yangu mdogo. "Na mwenye gari ndiye atakayekaa naye nyuma, amshike mkono mpaka mlangoni. Basi, yamekwisha."

Mimi nilikuwa nikimimina chai. Sikuinua macho. Manzura, mke wa shemeji yangu mkubwa, alikuwa amekaa ubavuni mwa Mama na mwanawe wa tatu mapajani. Akamfuta mtoto pua ambayo haikuwa na kamasi. Ndivyo anavyofanya akifurahi.

Nilielewa, na yeyote aliyekulia mji wetu wa Isfara angeelewa. Mwanamke anayekaa na bibi harusi garini anatakiwa awe mwenye watoto, wa kiume wakiwezekana, ili neema yake imwambukize yule anayeletwa. Manzura anao watatu, wote wavulana, wote na mashavu kama maandazi. Mimi nimeolewa mwaka wa tano huu na chumbani kwetu hakuna hata mwanasesere. Mama hakutaka kunivunjia uso mbele ya dada zake, basi akatafuta sababu isiyohusu matumbo ya watu. Akauchukua uso wa gari, yaani taa zake. Alijua kwamba shemeji Hotam, mume wa Manzura, amekwisha kununua dawa za kusafishia taa huko mjini Khujand. Alijua pia kwamba Opel yetu, ambayo mume wangu Dilovar anabebea abiria kutwa nzima juani, ina taa za manjano kama macho ya mtu mwenye ini bovu.

Na uso wa gari si jambo dogo siku hizi. Mpiga video hutangulia mbele ya msafara, nusu ya mwili wake ikiwa nje ya dirisha, akilipiga picha gari la bibi harusi likija na taa zimewaka mchana kweupe. Picha hiyo itatazamwa na wakwe majira yote ya baridi. Wataisimamisha, wairudishe nyuma, watafute kasoro.

Lakini hakusema "mwenye watoto." Alisema "gari lenye uso safi." Nililiokota neno hilo nikalifunga kwenye ncha ya kitambaa changu, kama mtu anavyofunga pete asiipoteze.

Jumatano shemeji Hotam akaisogeza Opel yake nyeupe chini ya kichanja cha mizabibu, karibu na mfereji, akaanza kazi. Mimi nilikuwa kwenye tanuri, nachoma mikate ya wageni. Kutoka kwenye tanuri unaona uwanja wote, hata usipotaka. Mimi nilitaka.

Kwanza alizungushia taa utepe wa karatasi ili asikwaruze rangi ya bodi. Kisha akalowesha msasa wa maji kwenye ndoo, akaanza kusugua, mkono ukienda upande mmoja na kurudi, si wa kuzungusha. Maji yaliyotiririka kwenye bampa yalikuwa ya njano kama mkojo wa mgonjwa. Alipochoka akabadili msasa, akachukua ulio laini zaidi, na huo akausugua kwenda juu na chini, kukata ile mikwaruzo ya kwanza. Kisha mwingine, laini kama ulimi wa ndama. Hakuacha maji hata mara moja.

"Shemeji Oyniso!" aliniita. Hotam ni mtu wa maneno, hawezi kufanya kazi kinywa kimefungwa. "Unaona? Siri yote ni maji. Msasa mkavu ni makucha ya paka."

"Hotam," mkewe akasema kutoka kivulini, "umefungua shule?"

"Namwonyesha tu."

"Aonyeshwe mkate. Oyniso, ni mkate unaoungua huko, au ni macho yako?"

"Mkate mzima, dada," nikamjibu. "Na macho nayatumia tu, hayapungui."

Akacheka, lakini akaenda kusimama kati yangu na ile taa, mwili umejaa, mikono kiunoni. Nikasogea upande wa pili wa tanuri. Kule nikaja kuona tena, lakini kipande cha katikati kilikuwa kimeshanipita.

Jioni taa zote mbili zilikuwa zimefunguka. Hotam alizipaka dawa ya kung'arishia, akasugua kwa kitambaa cha sufu, kisha akazipulizia vanishi ya kopo, safu moja nyembamba, ili jua lisizirudishe kwenye ugonjwa wao. Ziling'aa kama vile Opel ile ilikuwa imezaliwa siku hiyo. Watoto wa Manzura walikuwa wakijitazama humo na kutoa ndimi. Si taa zilizoniuma. Ni jinsi Manzura alivyowaita wanawe waje wajione, mmoja mmoja, kwa majina, kwa sauti.

Alhamisi asubuhi nilikwenda sokoni. Muuza rangi aliniuliza mume wangu ni fundi wa nini. Nikamwambia mume wangu ni dereva, fundi ni mimi, anipe misasa ya maji, mkali, wa kati na laini kabisa. Alinitazama, akanipa, akaongeza utepe wa karatasi bila kuombwa. Vanishi alikuwa hana, wala dawa ya kung'arishia. Alisema nyumbani watu hutumia dawa ya meno na zinatoka vizuri.

Dilovar alinikuta nimechuchumaa mbele ya gari, mikono ya gauni nimeipandisha.

"Unafanya nini, mke wangu?"

"Nalinawisha uso."

"Na hiyo dawa ya meno si yangu?"

"Meno yako mazima. Ya gari ndiyo yameoza."

Alicheka. Mume wangu hucheka upesi, na mara nyingi kicheko chake ndicho kinachonikasirisha. Kisha akachuchumaa karibu yangu, akanong'ona, "Oyniso, mwachie Manzura akae. Kiti ni kiti tu."

"Kama kiti ni kiti tu, basi niacheni nikae mimi."

Hapo hakucheka. Akaenda akaniletea ndoo ya pili ya maji, akaiweka chini, akaondoka.

Nilisugua. Msasa mkali ulipopita, taa yote ikapotea. Ile njano ilitoka, lakini mahali pake pakaja weupe mzito kama maziwa ya mgando. Nikimwagia maji, inaonekana safi kabisa, naona mpaka ndani, moyo unaruka. Ikikauka, maziwa yanarudi. Nikamwagia tena, ikawa safi. Ikakauka, maziwa. Nilikuwa sijui kwamba kwa Hotam pia ilikuwa hivyo, kwa sababu hapo katikati ndipo Manzura aliponizibia.

Na hapo hapo katikati ndipo alipokuja, na ndoo ya maganda ya vitunguu anakwenda kumwaga.

"Ee! Oyniso! Umelipofusha gari la watu!" Akainama, akatazama karibu. "Hiki ni nini, si mtoto wa jicho hiki? Hongera basi. Angalau kitu fulani kwenu kimepata mtoto."

Alisema kwa kucheka, kama mzaha, ili nikikasirika niwe mimi mbaya. Mkono wangu ulisimama juu ya taa. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye msasa, na nakumbuka niliyatazama mpaka yakaacha kudondoka. Kisha nikalowesha tena.

Msasa wa kati, juu na chini. Msasa laini, upande kwa upande, mpaka ukawa hausikiki tena, unateleza tu. Kisha dawa ya meno kwenye kipande cha shali kuukuu, na kusugua mpaka bega likafa ganzi. Taa ilifunguka polepole, kama mtu anayeamka. Kwanza niliona balbu. Kisha lile bati la fedha nyuma yake. Kisha, kwenye kona ya chini, nyigu aliyekufa zamani, mkavu, miguu juu, ambaye hakuna aliyejua yumo. Niliifanya na ya pili. Nilipomaliza Dilovar aliziwasha, akatoka, akasimama mbele ya gari, akatikisa kichwa. "Hata nilipoinunua haikuwa hivi," alisema.

Kitu kimoja tu kilikosekana. Bila vanishi, jua la Isfara lingezila tena kabla ya theluji ya kwanza. Nikaenda kwa Hotam.

"Shemeji, kwenye kopo lako kumebaki kidogo?"

"Kumebaki, chukua—"

"Limekwisha!" Manzura akaitika kutoka ndani. Akatoka nalo mkononi, akalitikisa karibu na sikio langu. Ndani kigololi kiligonga, tik tik, na nyuma ya kigololi nilisikia maji yakizunguka, tele.

"Unasikia?" akasema. "Kigololi kitupu."

Hotam alitazama viatu vyake. Nikasema asante, nikarudi. Harusi ilikuwa Jumamosi. Mpaka Jumamosi zisingebadilika.

Ijumaa ilikuwa siku ya karoti. Wanawake wa mtaa mzima walikuja na visu vyao, wakakaa kwenye magodoro membamba kuzunguka lundo la karoti za pilau, wakakata nyuzi nyuzi, na kila karoti ilikatwa pamoja na jina la mtu. Magari yetu mawili yalikuwa yameegeshwa mbele yao, moja nyeupe, moja ya kijivu, kama mabibi harusi wawili wanaopelekwa kwa mume mmoja.

Bibi Salomat, jirani yetu, ambaye hajawahi kulimeza neno lililofika ulimini, alisimamisha kisu. "Haya, Mama Komron, ni lipi litamleta mke mpya wa mwanao? Mimi naona yote yana nyuso."

"Tutaona," Mama akasema.

"Nyeupe inang'aa," akasema mwingine.

"Inang'aa kwa nje," Bibi Salomat akasema. "Ila ile ya kijivu unaiona mpaka moyoni. Nimemwona na nyigu humo."

Wote wakacheka. Niliinamia karoti zangu, masikio yamepata moto wa raha. Nilimtazama Manzura kwa jicho la pembeni. Kisu chake kilikuwa kimeacha kukata. Alikuwa anaitazama Opel yetu namna nilivyoitazama yake Jumatano, na kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba hii nilimwona uso wake ukiwa na sura yangu.

Wanaume waliporudi kutoka msikitini alimvuta Hotam kando, lakini sauti yake haijui kando.

"Ongeza safu nyingine."

"Ya nini? Iko sawa. Na leo uwanja una vumbi, watu wanaingia na kutoka."

"Nimesema ongeza. Iwe nene, kama asali. Ile yao inaonekana ina kina, yetu inaonekana kama sahani."

"Manzura—"

"Lile kopo ulilitunzia nani?"

Hotam akapulizia. Alimaliza kopo zima, vanishi ikawa inakaribia kutiririka. Akasema isiguswe mpaka ikauke, akaenda kuwatazama wachinjaji. Manzura alisimama pale kidogo, akazitazama taa, akatutazama sisi. Kisha akasema kwa sauti ya kila mtu:

"Mama! Uwanja leo umejaa macho. Hebu tulifukizie ispandi gari la bibi harusi kabla halijapatwa na jambo."

Hakusema macho ya nani. Aligeuza kidevu tu, upande wangu.

Ispandi ni mbegu zetu za kufukizia husuda, na hakuna nyumba isiyo na shada lake mlangoni. Mtoto akizaliwa anafukiziwa, nyumba ikihamiwa inafukiziwa, ng'ombe akizaa anafukiziwa. Mama akaleta kikaango cheusi chenye makaa, akanyunyizia mbegu, zikaanza kupasuka na kurukaruka kama karanga, na moshi ukainuka mzito, wenye harufu ya uchungu.

Nilijua. Nilikuwa nimezitazama taa zile tangu Jumatano, nilijua vanishi inavyokaa ikiwa mbichi, nilijua inakamata hata unyoya. Ningeweza kuendelea na karoti. Mkono wangu hata uliendelea, karoti moja, ya pili. Lakini ulimi ukatangulia.

"Mama, vanishi bado mbichi. Subiri ikauke kwanza, moshi utashika."

Visu vyote vikasimama.

"Mmemsikia?" Manzura akasema taratibu, kama mtu anayewaonyesha wageni kitu adimu. "Mwenye jicho haogopi kisu, anaogopa moshi."

"Nasema tu kwamba—"

"Anataka libaki wazi. Jamani, mmesikia wenyewe."

Mama alinitazama kwa huzuni, na huzuni ile ilinichoma kuliko maneno ya Manzura. "Ispandi haijawahi kuharibu kitu, mwanangu," alisema. "Ilimfukiza mumeo alipokuwa hajafungua macho." Akaenda mbele ya ile nyeupe, akazungusha kikaango mbele ya taa ya kwanza, akakizungusha mbele ya taa ya pili, midomo ikisoma dua.

"Karibu zaidi, Mama," Manzura akahimiza. "Kwenye macho yenyewe." Na yeye mwenyewe akainama, akayapuliza makaa kwa nguvu ya mapafu yake yote. Majivu yakapaa. Mbegu zikaruka.

Kwa sababu alikuwa ameshashika kikaango, Mama akapitisha na kwenye letu, haraka haraka, kama mtu anayemaliza chai iliyobaki. Alipoondoka nilikwenda nikazifuta taa zetu kwa ncha ya mkono wa gauni. Zilikuwa kavu. Majivu yakaanguka.

Alasiri, karoti zilipokwisha, mtoto wa kati wa Manzura alikwenda kujitazama kwenye taa kama kawaida yake. Akarudi analia kwamba uso wake umeota ndevu.

Tulikwenda wote. Taa za Opel nyeupe zilikuwa kama mkate ulioangukia majivu. Vanishi ilikuwa imekauka nje na laini kwa ndani, na ndani yake kulikuwa na madoa ya masizi, vumbi la mkaa, na mbegu za ispandi zimekaa imara kama ufuta juu ya mkate. Manzura alikamata kitambaa, akafuta. Ikawa mbaya zaidi. Kitambaa kiliacha nyuzi zake humo na madoa yakavutwa yakawa michirizi.

Hotam akaja mbio. "Nani ameleta moshi kwenye vanishi mbichi?"

Mama alikuwa anazitazama karoti kana kwamba kuna moja iliyokatwa vibaya.

"Ni jicho!" Manzura akalia. Machozi yalikuwa ya kweli, siwezi kusema uongo. "Alitamka mbele yenu nyote! Alisema moshi utashika, na umeshika! Miaka yote anaangalia, anaangalia, haongei, kumbe anakusanya!"

Wanawake wawili walivuta vitambaa vyao karibu na nyuso. Niliwaona. Mmoja wao nilimkandia unga mumewe alipofariki.

"Jicho siku hizi linaacha mbegu?" Bibi Salomat akauliza, akichokonoa taa kwa ukucha. "Maajabu. Na majivu pia limeacha. Hili jicho lilitokea kwenye kikaango, mwanangu."

Kicheko kilichofuata hakikuwa changu, sikukianzisha, lakini nilikinywa chote.

Kabla ya magharibi Mama aliniita stoo, kule magodoro na majamvi ya wageni yanapopangwa mpaka dari. Alikuwa amesimama, mkono mmoja juu ya rundo.

"Oyniso, mwanangu. Neno langu ni neno. Gari lenu litatangulia."

"Asante, Mama."

"Ila Manzura ndiye atakayekaa na bibi harusi. Wewe utakaa gari la pili, pamoja na shangazi zetu. Unaelewa."

"Sielewi."

"Unaelewa."

"Ulisema mwenye gari, Mama."

"Shangazi zake Sadbarg watauliza. Watu wa Konibodom wana maswali. Watauliza nani amemshika mkono, ni nani, ana..." Akaacha hapo. Akalaza godoro lililokuwa limelala tayari.

Sijui nilipata wapi utulivu. Labda ni ule ule wa msasa laini.

"Mama, misasa yangu imebaki. Nikianza sasa, kesho mchana taa za shemeji Hotam zitakuwa safi kuliko alipozifanya mwenyewe. Niagize nizisafishe. Nitazisafisha. Manzura atakaa kwenye gari lake, nami nitakaa na shangazi, wala sitanuna mbele ya wageni. Lakini kwanza niambie sababu. Si ya uso wa gari. Niambie ile nyingine, kwa mdomo wako, nami niisikie mara moja niachane nayo."

Akafungua kinywa. Niliona neno likija mpaka kwenye meno. Mimi nilikuwa nalitazama tu, nalisubiri, nimejishika kwenye mlango. Likasimama pale. Mama mkwe wangu si mwanamke mbaya. Neno hilo hajawahi kuniambia, na nilimwona akigundua kwamba akilisema leo, atakuwa amelisema kila asubuhi nitakapomletea chai mpaka mmoja wetu afe.

"Na ulimi huu," akasema mwishowe, "ulikuwa wapi miaka yote hii?"

"Ulikuwa unamimina chai, Mama."

Akageuka, akavuta jamvi moja kutoka kwenye rundo, akanitupia mikononi nilibebe, kazi ya kawaida, kama siku zote. Alipokuwa anatoka akasema bila kunitazama, "Gauni lako la hariri ya atlasi, lile la kijani. Lipige pasi. Lile jingine lina doa mgongoni."

Nje, Manzura alikuwa amepiga magoti mbele ya gari lake, anakwangua vanishi kwa kisu cha karoti. Misasa yangu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Nilisimama na jamvi mikononi nikamtazama kwa muda. Alikuwa anakwangua vibaya, bila maji. Nikapita.

Jumamosi tulikwenda Konibodom kumchukua bibi harusi, matarumbeta yakilia, Opel yetu mbele. Tukirudi, nilikaa kushoto kwa Sadbarg na mkono wake ndani ya mkono wangu. Shangazi zake hawakuuliza kitu, walikuwa wanalia mno. Nyuma yetu lilikuja gari jeupe lenye taa zilizochakaa kuliko zilivyokuwa mwanzo, Manzura ndani yake, wanawe watatu wakibonyeza pua kwenye kioo.

Nilidhani nitafurahi njia nzima. Nilifurahi mpaka daraja la pili.

"Dada," Sadbarg akanong'ona chini ya shela. Sauti yake ilikuwa ya msichana aliyeamka sasa hivi. "Vidole vyako vina magamba."

"Nilikuwa nasugua taa za gari."

"Wewe mwenyewe?" Akacheka kidogo, shela ikatikisika. "Mimi pia napenda magari. Komron ameniahidi kunifundisha kuendesha."

Nilimtazama Dilovar, kisogo chake. Hakugeuka. Alikuwa hajawahi kuniahidi hivyo, na mimi sikuwahi kujua kwamba ni kitu mtu anaweza kuahidiwa.

"Dada, naweza kukuambia jambo?"

"Niambie."

"Naogopa. Kwetu tunazaa mapacha. Mama alizaa mapacha, na bibi pia. Kila mtu anacheka, anasema mwakani utaona. Mimi naogopa sana."

Alikuwa ananiuliza kitu, nilijua, alikuwa anataka nimwambie neno, mimi niliyekuwa nimeketishwa pale kwa kazi hiyo. Mkono wake ulikuwa na joto la mkate uliotoka tanurini sasa hivi. Miti ya aprikoti ilikuwa ikipita dirishani, imekwisha kuvunwa, majani matupu, na msichana huyu ambaye jana nilikuwa simjui, ambaye hakuniudhi kwa lolote, nilimwonea wivu mpaka macho yakaniuma.

"Utazoea," nikamwambia. Sauti ilitoka kama ya Mama mkwe.

"Wewe ulizoea?"

Matarumbeta yalikuwa yamefika langoni kwetu, watu wakirusha peremende, watoto wakizikimbilia kati ya magurudumu. Dilovar akafungua mlango. Sadbarg akatoka, nami nikatoka naye, hatua kwa hatua juu ya kitambaa cheupe mpaka kizingitini, Komron amesimama pale na uso mwekundu, wanawake wote wanatazama. Hapo ilikuwa nimkabidhi. Nilijua ni hapo. Vidole vyangu havikufunguka.

Mama mkwe akaja mwenyewe. Akaushika mkono wangu, akaanza kukifungua kidole kimoja, kisha kingine, akitabasamu kwa ajili ya wageni.

"Mwachie, mwanangu," akasema polepole. "Amefika."